Gari la Kinji Hoshina

Jumanne moja ya mwezi wa Mei, saa nne kasorobo asubuhi, Fundi Sugaya alitoboa tundu kwenye gari la marehemu Kinji Hoshina ili aone kutu imefika wapi, na tundu hilo likatoa maji.

Alikuwa ametoboa boriti ya bati inayopita chini ya milango, upande wa kushoto. Boriti hiyo ni tupu ndani, na kwenye magari ya miaka ile ndiko kutu huanzia. Alitegemea unga mwekundu. Maji yaliyotoka yalikuwa safi na ya baridi sana, yakamwagikia kiatu chake bila kukatika. Alichovya kidole, akaonja. Hayakuwa ya rejeta. Akasukuma beseni kwa mguu mpaka likakaa chini ya tundu, akazima drili, akaenda kunywa chai, maana saa nne ilikuwa imefika.

Mkewe, Yoshie, alikuwa ameshaandaa birika na figili za chumvi.

"Gari la Kinji linatoa maji," alisema Sugaya.

"Mengi?"

"Ya kutosha."

Yoshie akammiminia chai. Walipomaliza kikombe cha pili, beseni lilikuwa limejaa, na visamaki viwili vyenye sharubu, vya aina ile inayokaa kwenye majaruba ya mpunga, vilikuwa vikizunguka ndani yake. Sugaya aliweka ndoo mahali pa beseni. Kwenye karatasi ya kazi iliyobandikwa kioo cha mbele akaandika: Boriti ya kushoto. Kutu ya wastani. Maji, hayakatiki. Kisha akampigia simu binti wa marehemu.

Chikako Hoshina alifika saa kumi, akitokea jikoni mwa shule ya msingi, bado amevaa buti zake nyeupe za mpira. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na kwa miaka thelathini alikuwa amewapikia chakula cha mchana watoto wa mji wa Kasamori. Baba yake alikufa mwezi wa Februari. Tangu hapo amekuwa mtu wa kusikiliza kuliko kusema. Alichuchumaa mbele ya ndoo, akaangalia maji yakiingia.

"Ya wapi haya?"

"Sijui. Ila matamu." Sugaya alijifuta mikono kwa kitambaa. "Sasa sikiliza, Chikako. Njia ziko mbili. Ya kwanza, nakata palipooza, nachomelea viraka, nalainisha, napaka rangi. Mwisho wa Julai unalichukua, linang'aa, unalipaki mbele ya hekalu watu wanapiga picha. Lakini kilichomo ndani kinabaki ndani."

"Na ya pili?"

"Kulifungua lote. Na nikisema lote ni lote. Injini nje, viti nje, milango, vioo, nyaya, mpaka libaki ganda. Halafu rangi tunaikwangua mpaka kwenye bati. Hapo hakuna cha kujificha. Mwaka mmoja. Mwaka na nusu, ukizingatia umri wangu."

"Na Obon?"

"Kwa njia hiyo, Obon utatembea kwa miguu, dada."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Kinji alipokuwa amelazwa aliomba vitu viwili: peasi, ambazo hazikuwa za msimu, na kwamba kwenye Obon yake ya kwanza, ile sikukuu ya wafu ya mwezi wa Agosti, Chikako amfuate kwa gari. "Nisije nikaenda kwa miguu na wale wengine," alisema. Chikako aliahidi. Peasi alizipata za kopo.

Kila mtu Kasamori angejua mzee alikuwa anasema nini. Jioni ya kwanza ya Obon, wafu wote hutoka makaburini kwenda makwao, na wafu wa kijiji cha Nirehara hushika barabara ya bwawani, maana nyumba zao ziko huko chini. Hupitia kwanza kwa jamaa zao mjini kusalimia. Kisha huteremka pamoja, hukaa siku tatu chini ya maji, na hurudi wamelowa. Wenye wafu wa Nirehara huweka taulo mlangoni siku ya kurudi.

Kijiji kilikuwa na nyumba thelathini na moja, zote za ukoo wa Hoshina. Kilizamishwa mwaka 1971, bwawa lilipojengwa. Aliyepita nyumba kwa nyumba kukusanya mihuri ya kukubali, ambayo huko hugongwa badala ya sahihi, alikuwa Kinji, kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa na gari.

"Nipe wiki mbili," alisema Chikako.

"Chukua. Na uje na ndoo zako, zangu zimekwisha."

Maji yale Yoshie hakuyamwaga. Siku ya kwanza alimwagilia matango, siku ya pili akapikia wali. Wali ulitoka unang'aa, una harufu ya majani yaliyoanikwa juani. Siku ya tatu akampelekea bakuli Bibi Kane, aliyekaa kwenye nyumba za halmashauri ng'ambo ya barabara. Bibi Kane alikuwa na miaka tisini na mmoja. Kule Nirehara alikuwa mke wa Nyumba ya Darajani; kwa kuwa wote walikuwa akina Hoshina, watu wa kijiji waliitana kwa majina ya nyumba, na hata walipohamia mjini hawakuacha. Alikula tonge moja, akaweka vijiti chini, akavaa viatu.

Alifika gereji ameshika chupa ya chai iliyo tupu.

"Wewe Sugaya, maji ya Nirehara unayaficha tangu lini?"

"Tangu Jumanne, bibi. Na sijayaficha, hayo hapo kwenye ndoo."

"Nijazie basi. Na usinipimie kama dawa ya kikohozi."

Alikunywa akiwa amesimama. Hakulia. Alisema haya ni ya kisima cha juu, si cha chini, kwani cha chini kilikuwa na ladha ya chuma, na akauliza kama Sugaya ana kikombe kikubwa zaidi.

Kabla wiki haijaisha, watu wote wa Nirehara waliobaki hai walikuwa wanakuja na chupa zao. Walipanga foleni kwa mpangilio wa nyumba, kuanzia ya juu mpaka ya chini, kama walivyokuwa wakipanga siku ya sherehe ya mavuno. Sugaya akawawekea benchi. Siku nyingine maji yalileta maganda ya njugu za mwituni, siku nyingine kijiti cha kulia chakula, siku moja kiatu cha mbao cha mtoto, ambacho mzee wa Nyumba ya Kinu alikitambua, akakiweka mfukoni.

Chikako alikuwa akija kila jioni baada ya kazi. Hakuna aliyemuuliza kwa nini maji hayo yalikuwa kwenye gari la baba yake, wala si kwenye gari la mtu mwingine. Bibi Kane tu, siku moja akifunga kizibo cha chupa, alisema:

"Mume wangu hakupiga muhuri, unajua."

Chikako aliweka ndoo chini.

"Hakupiga. Muhuri wetu ulikuwa wa pembe ya ng'ombe, na Torakichi alilala nao chini ya mto mwaka mzima. Siku moja baba yako akaja na karatasi, mahali petu pameshapigwa wekundu. Torakichi akasema, huu si wangu. Baba yako akasema, ofisi ya bwawa imeshaupokea. Ikaishia hapo." Alitikisa chupa kusikia kama imejaa. "Lakini pia ni baba yako aliyenikimbiza hospitali, na mtoto wangu wa pili akazaliwa kwenye kiti cha nyuma cha hilo hilo gari, kona ya saba. Kiti alikiosha mwenyewe, wala hakulisema tena. Kwa hiyo miaka yote hii sijui nimweke wapi."

"Na mimi pia, bibi," alisema Chikako.

Alikuwa na sababu. Vuli ya mwaka 1970, alipokuwa na miaka sita, baba yake alimpeleka mjini kwa gari. Walisimama kwenye duka la daftari na kalamu. Kwenye maduka hayo kuna mihuri ya bei rahisi iliyokwisha kuchongwa majina, imepangwa kwenye kigurudumu kwa mpangilio wa majina. Mtu anazungusha, anachukua la kwake. Baba alirudi na kifuko kidogo cha karatasi. Njiani alisimamisha gari kwenye kona iliyo juu ya mto, akaweka ubao mapajani, akamwambia alale. Chikako hakulala. Alisikia baba akipuliza pumzi ya moto juu ya muhuri, haa, kisha tap kwenye karatasi. Haa, tap. Mwaka ule alikuwa anajua kuhesabu mpaka kumi. Kumi zilipokwisha, nyingine akazihesabu kwa vidole vya mguu, na zilikuwa nne.

"Unafanya nini, baba?"

"Kazi ya ofisi. Lala."

Halafu baba alishuka, akachuchumaa kando ya mlango wa kushoto, na ikasikika sauti ya mpira ukigongewa kwenye tundu la bati. Nyumba kumi na saba zilikuwa zimekubali. Kumi na nne hazikukubali. Ofisi ilipokea mihuri thelathini na moja, na kwa kuwa wote walikuwa akina Hoshina, muhuri mmoja ulitosha.

Kwa hiyo Chikako hakuwa anaamua habari ya kutu. Gari likipakwa rangi, baba atapata kiti chake siku ya Obon na atapita mbele ya majirani akiwa amekaa. Likifunguliwa lote, baba atafunguliwa nalo.

Alimpigia simu mdogo wake, Noboru, aliyekuwa akifanya kazi Nagoya.

"Paka rangi, dada, umalize. Gari ni gari tu."

"Linatoa maji."

"Kila gari la zamani linatoa kitu. La kwangu linatoa moshi."

"Noboru, baba aliweka kitu mle ndani."

Kwenye simu ilisikika televisheni na watu wakicheka.

"Basi hiyo ndiyo sababu ya kupaka rangi," alisema. "Mtu ameshachomwa, ameshazikwa, watu wamekula wakaenda. Wewe unataka umchambue tena?"

Bibi Kane naye hakutaka gari lifunguliwe, kwa sababu yake mwenyewe. Aliogopa maji yatakwisha.

"Usije ukalifungua kwa ajili yangu, mwanangu," alisema. "Ukweli mimi ninao, nimekaa nao miaka hamsini, haunywewi. Mimi nataka chai. Toka tulipohamia hapa sijanywa chai ya maana."

Wiki mbili zilipokaribia kwisha, Sugaya aliamua kujaribu. Alichomelea kiraka juu ya tundu ili Chikako aone njia ya kwanza ingekuwaje. Maji yalikatika. Ndoo zilikauka, foleni ikarudi majumbani. Chikako alipofika jioni, alikuta taa ya mbele ya kushoto imejaa maji mpaka juu, na kisamaki kimoja kiko ndani yake. Kilikuwa kikienda mpaka kwenye kioo, kinagonga, kinageuka, kinarudi, kinagonga.

Alikiangalia muda mrefu. Aliona kwamba baada ya taa maji yatatokea vitini, na baada ya viti yatatokea kwenye kitu kingine, na yeye ataendelea kuja kila jioni na ndoo, akiwa anajua hesabu yake ni kumi na nne.

"Lifungue," alisema.

"Lote?"

"Lote."

"Chikako, nikishaanza sirudi nyuma. Gari lililofunguliwa nusu ni takataka."

"Nimesikia, fundi. Lifungue."

Alivuka barabara kwenda kwa Bibi Kane, akamwambia kwamba kesho wanaanza.

"Na maji?"

"Sijui, bibi."

Bibi Kane alimtazama. Kisha akasimama, akashika ukuta, akaenda kabatini.

"Basi leo nijazie chupa mbili," alisema.

Kazi ilichukua mwezi wa Juni wote. Sugaya hakuwa mtu wa haraka. Kila kitu alichokitoa alikifunga karatasi yenye namba, akakipanga sakafuni kwa mpangilio wake, bampa mbele, buti nyuma, katikati nafasi ya kupita mtu mmoja, hata ukisimama juu ya ngazi ungeona gari zima limelazwa chini kama samaki aliyepasuliwa. Chikako alishika taa na kufuta nati kwa mafuta. Rangi ya krimu ilipokwanguliwa ilionekana ya kijivu, na chini ya kijivu bati lenyewe, jeupe, lenye alama za nyundo za watu waliolitengeneza.

Maji hayakukatika. Kila kipande kilitoa fungu lake. Mlango ulitoa birika moja kwa siku, boneti ndoo mbili, nati moja ilitoa tone kila baada ya chakula. Yoshie alizunguka na vikombe na mabakuli mpaka vyombo vikaisha, akaazima kwa jirani.

Boriti ya kushoto waliikata mwishoni. Ndani, nyuma ya kizibo cha mpira, kulikuwa na karatasi ya nta iliyokunjwa vizuri, na ndani ya karatasi hiyo muhuri mdogo wa mbao, wa duka, na kidau cha wino mwekundu ambacho kilikuwa bado hakijakauka. Sugaya aliutazama, akampa Chikako, akaenda kunywa chai ingawa saa nne ilikuwa bado.

Chikako aliupeleka ng'ambo ya barabara siku ile ile. Bibi Kane alivaa miwani, akaupulizia pumzi, haa, akaugonga kwenye pambizo la gazeti. Hoshina, kwa wekundu.

"Ndio huu," alisema. "Nilifikiri utakuwa mkubwa zaidi."

"Niseme nini, bibi?"

"Useme nini wewe? Ulikuwa na miaka sita." Aliufunga tena kwenye karatasi yake. "Uache hapa. Torakichi atataka kuuona."

Obon iliingia tarehe kumi na tatu ya Agosti. Chikako hakuwasha moto wa kupokea wafu nyumbani kwake. Aliuwasha mlangoni pa gereji, maana alijua baba atakwenda kwanza kulitafuta gari. Kinji alikuja jua likizama, amevaa suti ya kijivu aliyochomwa nayo. Alisimama akatazama vipande vilivyolala sakafuni na vikombe vilivyopangwa chini yake.

"Liko wapi?"

"Hilo hapo, baba. Lote lipo. Hakuna kilichopotea."

Kinji alipita katikati, kwenye ile nafasi ya mtu mmoja, akisoma namba. Alipofika upande wa kushoto alisimama.

"Umeukuta."

"Nimeukuta."

"Uko wapi?"

"Kwa Bibi Kane."

Alikaa juu ya kreti, akaomba bia. Chikako akammiminia. Alikunywa nusu.

"Theluji ilikuwa karibu," alisema. "Watu wa ofisi walisema asiyekubali kabla ya theluji hapati kiwanja kule juu, barabarani. Nilitaka tukae wote pamoja."

"Viwanja havikutolewa, baba."

"Najua. Mimi ndiye niliyewapelekea habari."

"Na hili lingine mbona hukuwaambia?"

Kinji alifikiri. Hakuonekana kama mtu anayetafuta udhuru. Alionekana kama mtu aliyeulizwa ameweka wapi funguo.

"Nilikuwa nimepanga kuwaambia mwaka unaofuata," alisema. "Kila mwaka."

Nje wafu wa Nirehara walikuwa wameanza kupita. Wengine walikuwa na fimbo, wengine wamebeba watoto. Bibi Kane alitoka nyumbani kwake akimsindikiza mumewe, kama alivyokuwa akifanya kila mwaka, na mbele ya gereji Torakichi akasimama. Alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana. Ule muhuri ulikuwa mkononi mwake.

"Kinji," alisema.

"Torakichi."

"Gari limekufa?"

"Limefunguliwa."

"Basi twende kwa miguu."

Hakulisema kwa upole wala kwa ukali. Alimrudishia mkewe muhuri, akatangulia. Kinji alimaliza bia yake, akamwangalia Chikako mara moja, akafuata akiwa hatua tano nyuma. Chikako na Bibi Kane walisimama barabarani mpaka wote wakakata kona. Bibi Kane alisema mwaka huu mbu wamezidi, wakaingia ndani.

Tarehe kumi na sita Kinji alirudi, suti inachuruzika. Chikako alimpa taulo mbili.

"Ngazi za nyumba yetu bado nzima," alisema Kinji akijikausha masikio. "Mti wa mlangoni umesimama."

"Walikusemesha?"

"Hapana."

"Hata mmoja?"

"Mtoto mmoja wa Nyumba ya Kinu. Aliuliza mimi ni nani." Alikunja taulo vizuri, akaiweka juu ya kreti. "Mwakani nitaenda tena."

Kisha akaelekea makaburini, akiwa wa mwisho.

Septemba alikuja kijana wa ofisi ya bwawa, Bwana Nukui, na mkoba wa ngozi. Kuna mtu aliyekuwa ameripoti gari linalotoa maji. Alichovya kipimajoto kwenye vikombe kumi na viwili na kuandika digrii saba mara kumi na mbili. Alisema hilo ndilo joto la maji ya kilindini mwa bwawa, na kwamba bwawa halijapungua hata kidole, kwa hiyo kwa upande wa ofisi hakuna tatizo. Bibi Kane alikuwapo, na Chikako, na watu wengine wa foleni. Bibi Kane alimwonyesha muhuri, akamwambia kuhusu nyumba kumi na nne. Chikako alisema, kwa sauti ya kawaida, kwamba yeye mwenyewe alizihesabu.

Bwana Nukui alikuwa kijana mwenye adabu. Alikuwa amekuja na nakala ya faili. Aliifungua juu ya boneti, akatoa kioo cha kukuzia, akakagua ukurasa mzima bila haraka.

"Ni kweli, inafanana," alisema. "Kumi na minne yote ina ufa mmoja mdogo, mahali pale pale ulipo kwenye huu wako. Lakini inayotakiwa ni mihuri thelathini na moja, na iko thelathini na moja. Faili imekamilika, bibi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitaandika kwamba mmetoa maelezo, na mimi nimeyasikiliza." Aliandika. Aligeuza karatasi. "Hapa tu ninahitaji muhuri wako, kuthibitisha kwamba nimefika."

"Wa pembe uko nyumbani, juu kabatini. Mpaka nivuke barabara."

"Usisumbuke, bibi, na miguu hiyo." Bwana Nukui alifungua mkoba, akatoa kiboksi. "Wa Hoshina tunao ofisini. Tunauweka kwa ajili ya wazee."

Akaupulizia, akaugonga, akainama mara mbili kwa heshima, akaenda zake. Bibi Kane alikaa kwenye benchi. Alimwomba Yoshie chai, na akasema iwe ya maji ya boneti.

Mwanzoni mwa Oktoba Sugaya alimwita Chikako kando. Bati lilikuwa safi. Boriti mpya alikuwa nayo, na rangi ya krimu alishaichanganya.

"Nikianza kulifunga sasa, Obon ijayo linatembea," alisema. "Hakuna gari la mwaka 1966 litakalolifikia mkoa huu wote. Mzee utampakia mbele."

Chikako alitazama sakafuni. Watu wa foleni walikuwa wameshaanza kuzoea vipande. Kila mmoja alikuwa na chake anachokikinga kikombe, na mzee wa Nyumba ya Kinu alikuwa akiufuta mlango wake vumbi kwa leso.

"Mwakani atakwenda kwa miguu," alisema.

Sugaya alivua kofia, akajikuna, akaivaa tena. Alikuwa amefanya kazi nzuri na alijua.

"Haya," alisema. "Mwenye gari ni wewe."

Jumapili iliyofuata vipande viligawiwa kwa nyumba thelathini na moja. Nyumba ambazo hazikuwa na mtu aliye hai, jirani wa kule alizichukulia. Jina la Hoshina lisingesaidia kitu, kwa hiyo kila mmoja aliandika kwenye kipande chake, kwa mkono wake mwenyewe, jina la nyumba: Darajani, Kinu, Mteremkoni, Kisimani. Bibi Kane alichukua boneti, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikitoa mengi, wala hakuona haya kusema hivyo. Ilibebwa na watu wanne kuvuka barabara, ikaegemezwa kwenye veranda yake, na mpaka leo hutoa ndoo mbili kwa siku. Bwawa halijapungua. Faili iko kwenye kabati, imekamilika.

Chikako alibaki na usukani, ambao haukuombwa na mtu. Ni mweusi, na pale juu, mahali vidole vya baba yake vilipozoea kushika, umelika. Ameutundika jikoni kwake. Katika gari zima, hicho ndicho kipande pekee kisichotoa maji. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini huweka kikombe chini yake, na jioni akirudi hukikuta kikavu, hukisuuza, na hukirudisha pale pale.